Neno Nililowapa

Scarborough, Kanada, 12 Oktoba 2024

Shoga yangu Mishi,

Simu tuiachie salamu na picha. Yako inashikwa na nyumba nzima, na wadogo zako husoma ujumbe wangu kwa sauti kama taarifa ya habari. Haya ya moyoni nitakuandikia kwa barua pepe, uyasome dukani ukiwa peke yako na mashine yako ya fotokopi.

Mishi, nimeolewa. Najua ulikuwepo, ulinifunga leso kwa mikono yako na ukalia kumshinda mama yangu. Lakini huku ndiko ninakoanza kuamini. Kinoti akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee anakouguza, huvua viatu nje ya mlango asije akaniamsha. Nami huwa macho kitambo, nimefumba tu, nipate kumsikia akininyatia. Baridi imeanza, basi yeye glavu zangu huzilaza juu ya bomba la joto ili nikizivaa ziwe zimeiva kama mandazi. Hebu niambie ni mwanamume gani wa Changamwe aliyewahi kukupashia kitu. Jana alinipikia chapati. Zilikuwa ngumu, tena zina pembe, nami nikala zote na kuomba nyingine. Cheka tu.

Tuko ghorofa ya tisa. Mbele yetu kuna majengo mengine marefu kama letu, na chini kuna plaza yenye duka la Wahindi ambako nimepata hadi mhogo. Tunaishi watatu: mimi, mume wangu, na mdogo wake Sam, yule aliyesimama kwenye picha za harusi kama aliyekosea kanisa. Ana miaka kumi na sita. Mama yao alipofariki Kinoti alimchukua angali mdogo, akaja naye huku na kumlea kama mwanawe. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Ni mpole mno. Uji wake hutia chumvi, nami ninamheshimu hata hivyo.

Sasa sikia nilivyokuwa mtu mkubwa juzi. Sam alisahau kopo lake la chakula, nikalipeleka shuleni. Pale ofisini nikakutana na naibu wa mkuu wa shule, Bwana Rahemtulla. Alizaliwa hapa hapa, Mississauga, lakini bibi yake alitoka Unguja, na Kiswahili alichobakiwa nacho ni cha jikoni: sufuria, njoo, kula. Aliposikia natoka Mombasa akafurahi kama kaona jamaa. Akaniuliza shoga ni nini. Alikuwa anakumbuka bibi yake akimwita hivyo jirani yake walipokuwa wakisuka ukili wa mikeka. Nikamwambia anakumbuka sawasawa, ni rafiki wa damu wa mwanamke, na kwamba mimi ninaye wangu Mombasa. Nikamsimulia habari zako! Aliandika kitu, akanishukuru mara mbili, akasema nimemtatulia jambo.

Tangu nifike nchi hii kila mtu ananielekeza mimi, jinsi ya kugonga kadi ya basi, jinsi ya kutenga takataka. Siku ile niliulizwa kitu nikakijua. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Shoga yako,
Nkirote, au ukipenda Bi. Kinoti


Mombasa, 15 Oktoba 2024

Mwenzangu Bi. Kinoti,

Barua yako niliisoma mteja amesimama na kitambulisho chake mkononi anataka nakala. Nikamwambia asubiri, kuna mtu anapashiwa glavu. Akasubiri, na akataka kujua ikawaje.

Nimefurahi, wallahi. Mtu aliyekuwa akijiandikia barua za mapenzi kidato cha tatu na kujijibu mwenyewe sasa amempata wa kumjibu. Kula chapati hizo zenye pembe. Siku akijua kuzipika vizuri, ujue amekuzoea.

Ila kuna kitu kimenikwama. Huyo naibu alisema jambo gani umemtatulia? Mwalimu wa huko hakai akamkumbuka bibi yake hivi hivi katikati ya kazi. Neno hilo alilisikia wapi shuleni? Nani alimwita nani? Ulimuuliza?

Niandikie hilo kwanza, mapenzi baadaye.

Mishi


Scarborough, 9 Novemba 2024

Shoga yangu,

Usinilaumu kwa kukawia. Siku zimejaa. Kinoti amenipeleka kuona maziwa haya yao makubwa, nikadhani ni bahari hadi nilipoonja maji. Alinifunika na koti lake, yeye akatetemeka, akakataa kwamba anatetemeka.

Uliniuliza kama niliuliza. Sikuuliza.

Alhamisi tuliitwa shuleni, jioni ya wazazi, na tulipoingia ukumbi wa mbele niliona ukuta mzima umejazwa maneno ya karatasi za rangi. Shule ina wiki ya urafiki. Wamebandika neno la rafiki kwa lugha zote za watoto wao, Kitamil, Kiurdu, Kisomali, Kitagalogi, na juu kabisa, kwa herufi za rangi ya machungwa, ndefu kama mkono wangu: SHOGA. Chini yake wameandika Kiswahili.

Chini ya neno hilo vijana wawili walikuwa wakipigana picha. Wa kwetu kwa sura na kwa majina, ingawa Kiswahili chao chote kingetosha kwenye kijiko. Walikuwa wakicheka kicheko kile, Mishi, unakijua. Mmoja alimwona Sam akasema kwa Kiingereza kwamba sasa amepandishwa ukutani. Sam hakumtazama. Alilitazama neno, kisha akanitazama mimi.

Najua maana nyingine. Unajua kwamba ninaijua, hatukukulia mbinguni. Lakini naibu aliponiuliza sikuiona hiyo maana, niliuona uso wako. Na Kinoti ni mtu wa Meru kwenyewe, hakukulia pwani kama mimi, kwao neno hilo lina upande mmoja tu. Garini alicheka hadi akafuta machozi. Akauliza ni nani amewadanganya hawa Wakanada. Sikumwambia kwamba ni mimi. Ni mara ya kwanza nimemficha kitu mume wangu.

Kisha kicheko kikamwisha, akasema, "Lakini ni afadhali mtu acheke. Angekuwa mtoto wa kwangu ndiye anaitwa hivyo, mimi sijui."

Hakumaliza. Nyuma Sam alikuwa amevaa vile vya masikioni. Niliona kioo cha simu yake kimezimika. Hakuwa akisikiliza muziki wowote.

Huenda ni utani wa vijana tu. Huenda ni kijana mwingine kabisa ndiye anayeitwa hivyo. Sam hatii tena chumvi kwenye uji kwa sababu hanywi uji, na kopo lake la chakula linarudi kama lilivyokwenda, lakini Kinoti anasema umri ule wana njaa za ajabu ajabu. Tafadhali usiniulize zaidi. Ninataka kuwa bibi harusi japo miezi mitatu.

Shoga yako,
Nkirote


Mombasa, 11 Novemba 2024

Nkirote,

Sitakuuliza. Nitakuambia.

Unamjua kaka yangu Athumani kama fundi cherehani wa Malindi. Unajua aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa karo. Hukukosea, ndivyo mama alivyowaambia majirani, na wewe ulikuja kutupa pole ya karo, ukaleta na sukari.

Karo ilikuwa imelipwa. Wavulana walikuwa wakimwita neno hilo, bwenini, uwanjani, kwenye foleni ya chakula, hadi akawa hali. Akaenda kwa mwalimu wake wa darasa. Siku ya pili mwalimu alilirudia neno hilo kwenye gwaride la asubuhi, akamwonyesha kwa kidole, akauliza kama ndiye huyu. Shule nzima ilicheka. Athumani alivua shati la shule, akalitundika kwenye ua, akatoka na fulana. Baba hajataja jina lake hadi leo. Husema "yule wa Malindi".

Hujawahi kujiuliza kwa nini kwetu nyumbani nakuita Nkirote? Ni barabarani na dukani tu ndiko unakokuwa shoga yangu. Ni neno tamu, mimi nalipenda, lakini ndani ya nyumba ile lina shati limetundikwa juu yake.

Sasa wewe umepata nafasi ambayo hakuna aliyeipata kwetu. Ofisi nzima ilikaa ikasubiri ufungue mdomo. Ukawapa nusu ya neno, nao wakaibandika. Nenda ukawape nusu iliyobaki.

Usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Mishi


Scarborough, 28 Novemba 2024

Mishi,

Sijakwenda. Ninakuandikia hata hivyo kwa sababu sina mwingine.

Jumatatu shule ilipiga simu kusema Sam hajaonekana tangu wiki iliyopita. Kinoti alikuwa amelala baada ya zamu. Niliinyakua simu kabla haijamwamsha, nikasema mtoto ana homa. Uongo wa pili huo. Kila asubuhi tulikuwa tukimwona akitoka na begi lake, nami nikimfungia chakula.

Mchana nikashuka kituo cha basi chini ya jengo letu, anakopandia kila asubuhi, nikasimama kwenye baridi. Mabasi mengi yalipita. Nikamwona, kwenye kiti cha nyuma, kofia imemfika machoni. Sikumwambia ashuke, nilipanda. Nikakaa kando yake, na basi likaondoka nasi. Ndiko anakoshinda, Mishi. Anakwenda na basi hadi mwisho wa barabara, dereva anapumzika, anarudi nalo.

Tulipita vituo vingi. Nikatoa kopo la chakula kwenye begi lake, nikalifungua, nikampa kijiko. Akala mchele baridi. Kisha akasimulia kwa Kiingereza, polepole, akitazama dirisha.

Yeye ndiye aliyepeleka mashtaka. Alimwambia Bwana Rahemtulla kuna neno wanamwita kila siku. Naibu akamuuliza maana yake. Sam akakataa kulitafsiri. Nikamuuliza kwa nini, kwani angelitafsiri yote haya yasingetokea. Hapo akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile akanijibu kwa Kiswahili.

"Shemeji, ningesema, angeniuliza kama ni kweli."

Sikumuuliza, Mishi. Nilishika kopo tu.

Baada ya siku chache naibu alimwita tena akiwa na furaha. Akamwambia asiwe na wasiwasi, mama mmoja wa jamii yenu ametueleza, neno hilo maana yake ni rafiki mpendwa, hao vijana wanajaribu kukukaribisha. Halafu likaja kuwekwa ukutani.

Nikamwambia, "Sam, huyo mama ni mimi."

Akasema, "Najua. Ni wewe tu unayelisema ukicheka."

Hakulisema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaniomba kitu kimoja, kwamba Kinoti asijue. Alisema Kinoti ndiye mtu pekee aliyenaye. Nikaahidi.

Basi tazama nilipo. Nisipokwenda, neno langu linakaa ukutani na mtoto anakaa kwenye basi. Nikienda, naibu atampigia mlezi wake, na mlezi wake ni mume wangu. Atauliza kwa nini wanamwita hivyo, na mimi nitakuwa nimesimama katikati nikiwa na ahadi mdomoni. Jana Kinoti aliniwekea glavu kwenye bomba kama kawaida. Nilizivaa nikahisi nimeiba.

Niambie.

Nkirote


Mombasa, 28 Novemba 2024

Mpenzi wangu,

Nimefunga duka nikujibu. Wateja wamekasirika, shauri yao.

Kuna mambo mawili na wewe umeyafunga kwenye leso moja. Neno ni lako. Ulilitoa wewe, ukalieleza wewe, na ukienda kulisahihisha huhitaji ruhusa ya mtu. Lakini yule kijana ni nani, anampenda nani, hilo si lako. Usilipeleke ofisini, usilipeleke kitandani kwako. Akitaka kulisema atalisema, na asipotaka atakaa nalo hadi azeeke.

Kwa hiyo nenda ukaseme ulichokosea wewe. Ukiulizwa zaidi, rudia hicho hicho. Na uende kesho, Nkirote, kabla hujalipamba.

Nimempigia Athumani kabla ya kukuandikia. Sikumtajia jina la mtu. Nilimwambia tu kuna kijana huko mbali anashinda na njaa kwa sababu ya neno lile. Akasema, "Mwambieni asitundike shati."

Mishi


Scarborough, 5 Desemba 2024

Shoga yangu,

Nimelirudisha hilo neno juu ya barua, nawe utaona kwa nini.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la kitchen party, lile la samawati, kwa sababu ndilo pekee linalonipa mgongo ulionyooka. Bwana Rahemtulla akanipokea kwa kicheko, akataka kunionyesha ukuta wake. Nikamwambia nimeshauona, na ndio ulionileta. Nikamweleza: wanawake wawili wa pwani wakiitana shoga ni mapenzi. Kijana akiitwa hivyo na vijana wenzake, ni tusi la kumvua nguo mtu mbele ya watu. Nikamwambia yeye aliniuliza neno bila mtu, nami nikajibu bila kuuliza.

Alikaa chini. Alikuwa anajua ni nani aliyemletea lile neno, kwa hiyo sikuhitaji kusema, na yeye hakusema. Alifunika uso kwa mikono. Akasema kwa Kiingereza, "Nilimwambia ashukuru." Kisha akasema pole, kwa Kiswahili, ingawa hakuwa ananiambia mimi.

Akashika simu, akasema ni lazima azungumze na mlezi wa kijana. Nikamwambia mara hii aanze kwa kumuuliza kijana mwenyewe. Mara ya kwanza ulimwacha yeye ukauliza wengine, nikamwambia, nami nilikuwa mmoja wa hao wengine. Akairudisha simu mezani. Alileta ngazi yeye mwenyewe, Mishi, na tai yake shingoni, akapanda akaibandua herufi moja moja. Watoto walisimama kutazama. Wale vijana wawili niliwaona wakipelekwa ofisini, na hawakuwa wakicheka.

Nilidhani yamekwisha hapo.

Jumapili Kinoti hakuwa na zamu. Nilipika githeri ya mahindi na maharage, tukakaa mezani watatu. Akasema mzazi mmoja kanisani amemwambia kwamba mimi nilionekana shuleni nikigombana na naibu. Alikuwa akitabasamu, alidhani ni kisa cha kuchekesha. Akauliza nilikwenda kufanya nini.

Ningeweza kudanganya, na ungekuwa wa tatu. Nikamwambia ni mimi niliyewaambia shule neno lile ni la rafiki. Nilikosea, nikaenda kusahihisha, likatolewa. Hicho tu. Kama ulivyonifundisha.

Tabasamu likaondoka. "Wewe?"

Nikasema mimi.

Akaweka kijiko. Ni mtu wa akili, Mishi, wauguzi hawapotezwi na maneno machache. Nilimwona akilifuata, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Akauliza, "Walikuwa wakimwita nani?"

Naapa sikumtazama Sam hata kwa pembe ya jicho. Nilitazama githeri. Friji ikalia peke yake jikoni. Nilikuwa nasema moyoni, hii ndiyo dakika ndoa yangu itakapovunjika, na sijamaliza hata kuzivaa leso zote za harusi.

"Mimi," Sam akasema. Kwa Kiswahili. "Wananiita mimi, kaka. Toka mwaka jana."

Kinoti akainuka. Akaenda kwenye roshani bila koti, akaufunga mlango wa kioo. Tulimwona mgongo. Theluji ilikuwa ikianguka, ya kwanza ya maisha yangu, niliyoingoja kama mtoto, na sikuiona nzuri hata kidogo. Sam alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilisogeza kiti changu hadi bega langu likamgusa. Hakusogea.

Aliporudi nywele zake zilikuwa nyeupe. Nilijua atauliza lile swali. Sam pia alijua.

Hakuuliza, Mishi. Hakuuliza kama ni kweli. Alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wake, akasema, "Kesho nakupeleka mimi."

Basi. Alilala akitazama ukuta. Sijui anawaza nini, na sitakupamba nikwambie mume wangu amekuwa malaika. Usiku alijigeuza mara nyingi. Nilimsikia akimtaja mama yao.

Asubuhi nikasimama dirishani. Walitoka pamoja, wakaingia garini. Taa zikawaka, lakini gari halikuondoka. Lilikaa pale na theluji ikilifunika kioo, hata nisiweze kuwaona. Lilikaa muda mrefu. Nilijaribu kuomba nikakosa maneno, nikabaki nikihesabu madirisha ya jengo la pili. Mwishowe vipangusa vya kioo vikaanza kucheza, gari likaondoka kuelekea upande wa shule.

Walichoambiana sikijui. Sitauliza, nimejifunza kitu.

Ukutani pale juu pamebaki doa jeupe na chini yake neno Kiswahili, peke yake. Bwana Rahemtulla alimwomba Sam achague neno la kuweka. Sam amesema bado anafikiria. Mimi nilipokuwa nikikutumia ujumbe wa sauti wa salamu Jumanne nikakuita shoga, nikakumbuka kwamba yupo sebuleni, nikajiuma ulimi. Akaniita kutoka kule: "Sema tu, shemeji. Ukisema wewe ni neno lingine."

Mwambie Athumani kwamba shati limevaliwa.

Kinoti bado si yule wa glavu. Anaongea kidogo, ananitazama kama mtu aliyenioa tena na hajui amemwoa nani. Asubuhi ya leo nilizikuta glavu zangu mfukoni mwa koti, baridi. Jozi iliyokuwa juu ya bomba ilikuwa ya Sam.

Na kopo la chakula limerudi tupu. Nimelifungua mara mbili kuhakikisha. Sasa ninaliosha, na nikimaliza nitaloweka maharage ya kesho.

Shoga yako,
Nkirote